Aliyezidi

Ardhi ilipoacha kutikisika
nilishika daftari kabla ya kushika mkono wa mtoto.
Nakiri. Ndivyo tulivyofundishwa:
daftari, mlango, kilima.

Darasa la tatu wako thelathini na mmoja.
Asubuhi nilimwita kila mmoja, kila mmoja akaitika,
ila Baltazar, ambaye huitika kwa kunyanyua penseli.

Tukapanda, mkono begani kwa aliye mbele,
tukipita vibao vya mtu asiye na uso
anayelikimbia wimbi mwaka mzima bila kufika.
Mbwa wa gatini nao walipanda.
Fresia aliniuliza kama wao wana daftari lao.
Nikamwambia nyamaza, tembea.

Juu, penye tangi la maji, kwenye changarawe,
nikahesabu.

Thelathini na mbili.

Nilitaka kucheka. Miaka kumi na saba
nimeota usiku nikihesabu thelathini,
nikihesabu ishirini na tisa,
nikiamka na vidole vimekunjwa.
Sikuwahi kuota ziada.

Nikahesabu tena, nikigusa vichwa,
nywele zenye vumbi la chokaa, nywele zenye jasho.
Thelathini na mbili.
Nikaita majina. Wote wakaitika.
Penseli ya Baltazar ikanyanyuka, ncha imevunjika.
Na nilipofunga daftari
akabaki mmoja ambaye sikumwita.

Mdogo. Aproni ya mirabamiraba,
kiatu kimoja, soksi moja imelowa,
ngumi imejaa sketi ya Rayén.
"Nani mwenzangu wewe?"
"Nehuén."
"Mwalimu wako nani?"
Akapitisha kidole chini ya pua, huku na huku:
masharubu.

Hapo nikaelewa, na magoti yakaelewa kabla yangu.
Aliyezidi kwangu amepungua kwa mwingine.
Wadogo hupelekwa kilima cha pili, cha makaburini,
ng'ambo ya korongo,
na huko, wakati huu huu,
Ramiro Oyarzún anahesabu kumi na tisa,
anahesabu tena kumi na tisa,
anamkabidhi mpishi wale waliopo
na anageuka kuutazama mteremko.

Namjua Ramiro. Hurudi hata kwa mwavuli.

Simu zilikuwa zimekufa.
Chini, bahari ilikuwa imejivuta nyuma,
ikaacha wazi miamba ambayo hata babu wa Fresia
hajawahi kuiona ikiwa mikavu,
na ukimya ule wa kitu kinachovuta pumzi.

Nikawapanga ukingoni mwa korongo.
Nikawaambia: leo ruhusa kupiga kelele.
Leo atakayenong'ona nitamwadhibu.
Semeni: Tunaye!

Tunaye!
Ukungu ukameza.
Tunaye!
Mbwa wakabweka, nikawaacha, nao waseme.
Tunaye! Na Nehuén naye akasema tunaye,
kwa sauti kuu, bila kujua ni yeye.

Sijui ni ya ngapi iliyofika.
Hiyo sikuihesabu.
Ukungu ulipofunguka kidogo, upana wa shuka,
nilimwona mtu kwenye ngazi za chini za makaburini,
mguu mmoja ngazi hii, mmoja ngazi ile,
amesimama.
Amegeuza kichwa upande wetu.
Kisha akaketi palepale
kama mzigo uliokatwa kamba.
Nikapiga kelele peke yangu: Panda, mjinga wewe, panda!

Alipanda.

Maji yalikuja, si mengi.
Yaliingia uwanjani, yakalaza lango,
yakachukua benchi na kiatu kingine cha Nehuén.
Watu wa wizara walitupa fomu:
waliokuwepo, waliokosekana.
Nilitafuta safu ya tatu, haikuwepo,
nikaichora kwa rula.

Siku hizi nikimaliza kuita majina
natulia kidogo, kalamu mkononi.
Watoto hudhani nimesahau kitu.
Baltazar ananyanyua penseli, mara ya pili,
ili kunisaidia.